Kanga ni wa Nani? Tanzi, Leseni na Dola katika Nyanda za Kati

Historia ya uwindaji nchini mwetu imeandikwa kwa pembe na meno. Tunasoma habari za misafara ya pembe za ndovu iliyokatiza Ugogo, za hongo waliyotoza watemi, za maofisa wa Kijerumani na matajiri wa Kiingereza waliopiga picha kando ya mizoga ya simba. Ndege hayumo. Na kwa kuwa ndege hayumo, aliyemwinda ndege huyo naye hayumo: mkulima wa uwele, mchunga mbuzi, kijana wa miaka kumi na miwili mwenye tanzi la kamba. Katika makala haya nakusudia kumrejesha mtu huyo, kwa sababu naamini kisa chake kinaeleza uhusiano wetu na dola vizuri zaidi kuliko kisa cha tembo.

Makutupora ninayoizungumzia ni ile iliyo yapata kilometa 25 kaskazini ya mji wa Dodoma, kwenye barabara iendayo Kondoa na Arusha. Isichanganywe na ile ya stesheni ya reli mpya, iliyoko Manyoni mkoani Singida. Makutupora yetu inajulikana kwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kituo cha utafiti wa zabibu, na zaidi ya yote kwa visima ambavyo tangu miaka ya 1950 vimeunywesha mji wa Dodoma. Lakini kabla ya zabibu na pampu, bonde hili lilikuwa nchi ya vichaka vya miiba, mibuyu na mashamba ya mtama. Na katika nchi kama hiyo ndege mkuu ni kanga.

Kanga tunamjua sote, hata wasiowahi kumwona porini. Wengi husimulia kwamba vazi la mama zetu lilipewa jina lake kutokana na madoadoa ya manyoya yake. Wahenga nao walimtazama vizuri wakasema kanga hazai ugenini. Ni ndege wa uzito wa kilo moja na kitu, anayependa kutembea kuliko kuruka, anayelala juu ya mti na kushinda ardhini akichakura mbegu, wadudu na mchwa. Wakati wa kiangazi makundi hukusanyika kwa makumi, na kila asubuhi na jioni huelekea penye maji kwa njia zilezile. Mvua zinapoanza, kwa kawaida mwezi wa Desemba, kundi husambaratika: kila dume na jike wake hutafuta mahali pa kutaga, penye nyasi, chini kabisa.

Mwindaji wa kijiji alijenga elimu yake juu ya tabia hizo. Mzee mmoja wa Makutupora aliwahi kunieleza mtego wa utotoni mwake kwa utaratibu wa mtu anayefundisha. Huweka uzio mdogo wa matawi ya miiba, usiozidi magoti, ukikatiza njia ya kanga kwenda majini. Ndani ya uzio huacha milango myembamba, na kila mlango una tanzi la kamba lililofungwa kwenye fimbo mbichi iliyopindwa. Punje chache za uwele hutawanywa ng'ambo ya pili. Kanga angeweza kuruka uzio huo bila taabu, lakini kwa kuwa hapendi kuruka, huutafuta mlango. Nilipomuuliza kuhusu kuwaita kwa sauti, mzee alicheka akaniambia kwamba asiyejua kutofautisha jike na dume asijaribu, maana mlio wa vipande viwili ni wa jike, na dume hana mlio huo. Wataalamu wa ndege wameandika jambo hilohilo katika vitabu vyao. Mzee hakulisoma popote.

Nikamuuliza kama walitega wakati wa masika. Akasema la. Kwanza, kila mtu alikuwa shambani. Pili, maji yapo kila mahali, kanga hana njia moja. Tatu, na hapa alisema kwa sauti ya chini kidogo, ukimshika mmoja wakati ule umewaua wote. Sababu hiyo ya tatu ina uzito wa kisayansi. Kanga huishi wawili wawili wakati wa kuzaa, na dume hushiriki kuwakinga na kuwatia joto vifaranga katika siku zao za mwanzo. Basi msimu wa mtego haukuandikwa katika gazeti la serikali, lakini ulikuwapo. Uliandikwa na kalenda ya jembe, na mvua, na tabia ya ndege mwenyewe.

Wala Ugogo haikuwa peke yake. Kwenye bonde la Ziwa Eyasi, Wahadzabe hujificha usiku karibu na vidimbwi vya kiangazi na kungoja mnyama aje kunywa. Magharibi ya Kenya, Waluo na Waluhya wana ufundi ambao ningependa kila mwanafunzi wa historia aufahamu. Huwafuga kware wadogo, wale ambao Waluo huwaita aluru, katika vikapu vya kusuka, kisha huvitundika vikapu hivyo kimoja juu ya kingine kwenye mti mrefu uliosimikwa shambani. Alfajiri kware waliomo vikapuni huanza kulia. Wale wa porini husikia, hushuka, na hukuta matanzi chini. Wito, chambo hai na maficho, vyote vimo. Huo ni ufundi kamili, uliorithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na ndio uliokuja kuitwa, kwa neno moja, ujangili.

Ulianzaje kuitwa hivyo? Mwezi Mei 1896, Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kuhifadhi wanyama katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Amri hiyo ilileta leseni na ada ya kuwinda, ikatenga na maeneo ya kwanza ya akiba, upande wa magharibi wa Kilimanjaro na katika nchi ya Rufiji. Miaka minne baadaye, Mei 1900, wajumbe wa madola saba ya Ulaya yenye makoloni walikutana London wakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mwafrika hakuwamo ukumbini. Mkataba huo haukuidhinishwa na wote, lakini fikra zake ziliishi kuliko karatasi yake. Mojawapo ilikuwa kwamba matumizi ya nyavu na mashimo ya kutegea yapunguzwe kadiri iwezekanavyo.

Tuitafakari fikra hiyo. Tembo wa nchi hii hawakumalizwa na mashimo ya wakulima. Waliuawa kwa bunduki, na bunduki ilikuja na biashara ya kimataifa ya pembe, ambayo soko lake lilikuwa huko huko walikotoka wajumbe wa London. Hata hivyo sheria iliyozaliwa iliifanya bunduki kuwa chombo halali chenye leseni, na tanzi kuwa chombo cha aibu. Waungwana wa Ulaya walikuwa na maadili yao ya michezo: mnyama apigwe risasi, na mwindaji asimame mbele yake. Mtego, kwa macho yao, ulikuwa hila ya mtu duni. Hukumu hiyo ya kitabaka ilivuka bahari ikageuka kuwa kifungu cha sheria.

Ugogo ilionja matokeo ya mambo hayo katika wakati mbaya kabisa. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita hapa, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliua watu kwa maelfu hadi kufikia 1920. Katika njaa ya namna hiyo pori ndilo ghala la mwisho: mizizi, majani, ubuyu, na ndege anayenaswa kwa kamba. Mwaka 1921, wakati makaburi ya Mtunya yangali mapya, serikali ya Kiingereza ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi wanyama wa Tanganyika. Sidai kwamba aliyeiandika alikusudia kuwanyima chakula watu wa Dodoma. Ninadai jambo gumu zaidi: kwamba hawakumjia akilini.

Tulipopata uhuru, je, walimjia nani akilini? Mwezi Septemba 1961 Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori, akaahidi dunia kwamba tutawatunza viumbe hawa kwa ajili ya wajukuu zetu. Ahadi ilikuwa njema. Lakini mashine ya kuitekeleza ilikuwa ileile ya leseni na majedwali. Mwaka 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji, marufuku iliyodumu hadi 1978. Na mwaka huohuo wa 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Kabla ya hapo Operesheni Dodoma ilikwisha kuwatoa Wagogo wengi katika matembe yao yaliyotawanyika na kuwakusanya vijijini. Kwa hiyo, ndani ya miaka michache, mtu yule wa tanzi alihamishwa kutoka kando ya njia ya kanga, akaharamishiwa kanga mwenyewe, kisha akaletewa serikali nzima mlangoni.

Sheria ya 1974, na baadaye ile ya 2009 inayotumika sasa, zinasema kwamba wanyamapori wote, ndege wakiwamo, ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi. Ni kauli nzuri. Lakini mali ya umma hupimwa kwa mlango wa kuingilia. Kanga yumo katika orodha ya ndege wanaoruhusiwa kuwindwa kwa kibali, na mitego, matanzi, nyavu na mashimo ni marufuku. Maana yake ni kwamba mkulima anayetaka kula kihalali ndege wa kilo moja anayekula mtama wake anapaswa kwanza kuwa na bunduki, leseni ya bunduki na kibali cha kuwinda. Umaskini wenyewe umefanywa kuwa kosa la kiufundi. Mwenye gari, bunduki na muda wa mapumziko anaitwa mwindaji. Mwenye kamba anaitwa jangili.

Katika suala hili napenda kutazama mbali, kwa binamu wa kanga. Mwaka 1758 Linnaeus alipompa bata mzinga wa Amerika jina la kisayansi, alimwita Meleagris, neno ambalo kwa Wagiriki wa kale lilikuwa jina la kanga wa Afrika. Wazungu walikuwa wamewachanganya ndege hawa wawili kwa karne mbili. Bata mzinga wa porini naye aliwindwa bila kipimo, na mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa ametoweka katika majimbo mengi ya Marekani. Leo wapo kwa mamilioni, na huwindwa katika majimbo yote isipokuwa Alaska. Kila majira ya kuchipua Mmarekani wa kawaida, fundi magari au mwalimu, hukata leseni ya bei anayoimudu, hujificha katika kibanda cha nguo au matawi, husimika jike la bandia, na huigiza sauti ya jike mpaka dume ajitokeze. Huwinda madume tu. Kwa kuwa dume wa bata mzinga hupanda majike wengi na halei vifaranga, kumtoa hakuvunji familia. Msimu umefuata tabia ya ndege, kama kwa mzee wa Makutupora, ingawa umeangukia upande wa pili wa mwaka.

Mambo mawili yaliwezesha hayo. Sheria ya mwaka 1937 ilielekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa majimbo, hivyo mwindaji akawa mlipaji na mdai. Na kuanzia miaka ya 1950 wataalamu waliwanasa ndege wa porini kwa nyavu kubwa na kuwahamishia mahali walikokuwa wamekwisha. Wavu, chombo kilichotiliwa shaka London mwaka 1900, ndio uliomrudisha ndege. Siipambi Marekani: wenyeji wa asili, waliotengeneza filimbi ya wito kutokana na mfupa wa bawa la bata mzinga, walinyang'anywa nchi kabla ya ufundi wao kugeuzwa burudani ya taifa. Funzo ninalolichukua ni dogo: ndege alipona pale watu wa kawaida walipopewa nafasi halali ya kuwa upande wake.

Nakubali pingamizi lililo wazi. Tanzi la leo si la kamba ya gome. Ni la waya, halichagui, na penye kidimbwi humnasa digidigi mwenye mimba sawa na kanga. Watu wameongezeka, pori limepungua, na mji unaokua unauza nyama ya porini. Kuwaachia watu wategee wapendavyo kungemmaliza kanga upesi. Lakini tuulize waya ulitoka wapi katika mkono wa kijana. Ufundi wa kamba ulikuwa na msimu, mipaka na mzee wa kukemea. Tulipouharamisha wote, tulifuta mipaka pamoja na mtego. Kilichobaki ni kutega kwa siri, na mtegaji wa siri hana wa kumkemea. Mwaka 2013 tulishuhudia, katika Operesheni Tokomeza, uhifadhi usiozungumza na raia unavyoishia: mateso, vifo, na mawaziri wanne kung'olewa.

Hatua zipo zilizojaribiwa. Jumuiya za hifadhi za vijiji zipo tangu sera ya 1998, ila zimelenga zaidi maeneo yenye wanyama wakubwa na wawekezaji. Mabucha ya nyamapori yaliruhusiwa kwa kanuni za 2020, na hiyo ni njia ya kuuziwa tu. Bado hatujathubutu kukiambia kijiji kimoja cha nyanda za kati: hesabuni kanga wenu, wekeni msimu wenu wa kiangazi, chagueni wawindaji wenu, katazeni waya, nasi tutawatambua kisheria. Gharama yake ni ndogo. Hofu yetu, nadhani, ni kukiri kwamba mtu asiyevaa sare anaweza kujua jambo.

Mji wa Dodoma, pamoja na Bunge lake, umekunywa maji ya Makutupora kwa miongo mingi. Tumewaamini watu wa bonde lile kuishi kando ya chemchemi ya makao makuu. Ni sababu ipi ya kutowaamini juu ya ndege?