Ritifaa

Wanasarufi huiita ritifaa ile alama ndogo inayokaa juu, baada ya ng, katika ng'ombe, Chang'ombe au Murang'a. Si pambo. Ndiyo inayotofautisha kung'oa jino na ngoa ya mwenye wivu.

Katika SQL, lugha ya kanzidata, alama hiyohiyo hufungua na kufunga maandishi. Andika 'Chang'ombe' ndani ya amri ya UPDATE: mashine husoma Chang, huona maandishi yamekwisha, kisha hukwama kwenye ombe. Tiba ya zamani ni kuirudia, 'Chang''ombe'. Tiba mbovu, ambayo bado ipo, ni kuifuta. Hapo Ng'ang'a hupewa risiti yenye jina lisilo lake, na hilo ni kumvunjia mtu heshima.

Kwa picha au alama za vidole zinazoingizwa kwenye kanzidata, kuirudia ritifaa hakutoshi. Faili la aina hiyo ni mfululizo wa baiti, kila moja kati ya 0 na 255, na 39, namba ya ritifaa katika msimbo wa ASCII, yaweza kujitokeza popote. Ipo pia 0, ambayo kwa programu za lugha ya C humaanisha maandishi yameishia hapo: picha hukatwa katikati. Usihangaike kuziba matundu hayo moja moja. Acha nafasi kwenye amri, mara nyingi kwa alama ya kuuliza, kisha peleka data kando, ikitajwa waziwazi kuwa ni baiti. Kanzidata ya PostgreSQL huzihifadhi kwa aina iitwayo bytea, ile ya MySQL kwa BLOB.