Kutoka Khalifa wa Chuoni hadi Mfunzaji Rika wa Chuo Kikuu: Wanafunzi Kufundishana katika Pwani ya Tanga

Huduma ya ufunzaji rika katika vyuo vikuu, yaani mpango ambao mwanafunzi aliyekwisha kufaulu somo huwasaidia wenzake wanaolisoma, aghalabu huelezwa kuwa ni uvumbuzi wa karibuni uliotoka ng'ambo. Mfano unaotajwa zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City, Marekani, ambako mwaka 1973 Deanna Martin alianzisha utaratibu wa kuwaweka wanafunzi waliofaulu waongoze vipindi vya ziada katika masomo yanayowaangusha wengi. Utaratibu huo una sifa moja ya msingi: haukulenga wanafunzi dhaifu bali masomo magumu, na kwa sababu hiyo hapakuwa na aibu kwa anayehudhuria. Maelezo ya namna hiyo si ya uongo, lakini yakichukuliwa peke yake hufanya ionekane kwamba pwani ya Tanga inapokea kitu isichokijua. Makala haya yanadai kinyume chake. Mwanafunzi amfundishaye mwanafunzi mwenzake amekuwapo katika pwani hii katika kila mfumo wa elimu uliopita. Kilichobadilika ni hali yake: ama alifundisha huku akiendelea kuwa mwanafunzi mbele ya mwalimu, ama alipewa nafasi ya mwalimu asiyekuwapo na masomo yake yakakatwa.

Neno chuo lenyewe lina historia inayosaidia. Kabla ya kuwa chuo kikuu au chuo cha ualimu, chuo katika Kiswahili cha pwani kilikuwa kitabu, na pia mahali ambapo watoto hukisoma kitabu, yaani shule ya Kurani. Kuanzia Vanga hadi Pangani, na kuteremka hadi Saadani na Bagamoyo, mtoto wa mji alianza elimu yake hapo. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kwa kutegemea sana kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, kinaeleza namna mtoto alivyopelekwa chuoni na mapatano yaliyofanywa baina ya mzazi na mwalimu. Jambo la kuangaliwa kwa makini ni mpangilio wa kusoma. Chuoni hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili. Kila mtoto alikuwa mahali pake: huyu yumo katika herufi, yule anaunganisha irabu, mwingine yumo katika juzuu ya Amma, na mwingine anakaribia kuhitimu. Wote walisoma kwa sauti kwa wakati mmoja, na kila mmoja alihitaji sikio la kumsikiliza na kumsahihisha. Mwalimu mmoja mwenye watoto 40 hakuweza kuwasikiliza wote kila siku. Kwa hiyo wakubwa waliwasikiliza wadogo, na mkubwa aliyekabidhiwa kazi hiyo, katika sehemu nyingi za pwani, aliitwa khalifa.

Khalifa hakuwa mwalimu. Alikaa na ubao au msahafu wake mwenyewe, na zamu yake ilipofika alikwenda kusoma mbele ya mwalimu kama wengine. Kosa alilolipitisha kwa mdogo wake lilijulikana mdogo huyo alipofika mbele ya mwalimu, na hapo lawama ilimrudia aliyemsikiliza. Ulikuwa ni ukaguzi usiohitaji karatasi. Utaratibu uliofanana na huo uliendelea katika darasa za watu wazima zilizoongozwa na masheikh wa mji, miongoni mwao Sheikh Ali bin Hemed el-Buhriy, kadhi wa Tanga: mwanafunzi aliyetangulia husoma matini, sheikh hufasiri, na baada ya kuondoka wanafunzi hukaa kudurusu wao kwa wao. Hata hivyo, haifai kuupamba utaratibu huu kupita kiasi. Khalifa alikuwa na fimbo pia, na wapo walioitumia kuliko ulimi. Wasichana wengi waliondolewa chuoni mapema, wakawa nje ya ngazi ambayo ingewafikisha kwenye nafasi hiyo. Elimu yao nyingine ilipitia kwa somo, na inastahili kutajwa kwamba neno hilohilo moja katika pwani hii hutaja jambo linalofundishwa, mwanamke anayemfunda mwari, na rafiki wa karibu.

Ulaya ilipata utaratibu kama huu kwa njia ya Bahari ya Hindi. Andrew Bell, kasisi wa Kiskoti aliyesimamia shule ya mayatima wa kiume huko Madras kuanzia mwaka 1789, aliwaona watoto wa Kihindi wakifundishana kuandika kwa kidole mchangani, akauchukua mtindo huo na kuuandikia kitabu kilichotoka London mwaka 1797. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster alifungua shule yake London, na baada ya muda mfupi mamia ya watoto walikuwa wakifundishwa na wenzao chini ya mwalimu mmoja. Bell na Lancaster walibishana juu ya nani aliyetangulia, na ubishi wao hauna maana kubwa hapa. Chenye maana ni kwamba njiani utaratibu huo ulipata lengo jipya, nalo ni unafuu wa gharama. Mwanafunzi alifundisha kwa sababu mwalimu ni ghali.

Lengo hilo ndilo lililorudi pwani pamoja na wamisheni na serikali ya kikoloni. Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, iliyokuwa na kituo chake kikuu cha Bonde huko Magila, ilipeleka vijana wa Kibondei Kiungani, Unguja, wakasome pamoja na watoto waliokombolewa utumwani, kisha ikawarudisha vijijani wakiwa walimu wangali vijana sana. Kilichowashikilia wasipotee ni mawasiliano. Kuanzia mwaka 1888 Kiungani ilichapisha gazeti la Msimulizi, lililobeba habari za vituo na za waliosoma pamoja, na hivyo kijana aliyekuwa peke yake kijijini alijua wenzake wanafanya nini. Lakini misheni haikuweza kuwashika wote. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka 1891 na kusomea Kiungani, ndiye mfano ulio wazi zaidi: aliishia katika ukarani wa serikali, na mwaka 1922 akaanzisha mjini Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Shule iliandaa, ofisi ikachukua.

Shule ya serikali ya Kijerumani mjini Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilifanya jambo hilohilo kwa makusudi. Serikali ilihitaji makarani, maakida na walimu wanaojua kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Waalimu Wazungu walikuwa wachache mno. Wanafunzi waliofika mbali waliwafundisha waliokuwa nyuma, na waliomaliza walipelekwa kuendesha shule ndogo za matawi katika bara. Shule ilikuwa na mtambo wa kuchapia, na humo ndimo lilimotoka gazeti la Kiongozi hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, likisomwa na haohao waliotawanywa. Kwa mizani ya serikali mpango ulifaulu. Kwa mizani ya mwanafunzi mwenyewe hesabu ni tofauti: siku aliyopelekwa bara ndiyo siku aliyoacha kusoma. Hakuwa na zamu tena mbele ya yeyote.

Mgawanyiko huu ulijitokeza kwa ukubwa usio na kifani baada ya uhuru, katika mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, maarufu kwa herufi za UPE. Lengo la awali lilikuwa kuwafikia watoto wote mwaka 1989. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lililivuta lengo hilo nyuma hadi Novemba 1977. Hakuna vyuo vya ualimu ambavyo vingeweza kutoa walimu wa kutosha katika miaka mitatu, na serikali ikawageukia vijana waliomaliza darasa la saba. Kwa mpango ulioanza mwaka 1976, vijana hao walifundisha sehemu ya siku katika shule za msingi na kusoma sehemu nyingine, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa mwalimu mwenye uzoefu. Mafunzo yalichukua miaka mitatu na kukamilishwa kwa wiki chache za kukaa chuoni. Zaidi ya walimu 35,000 walipatikana kwa njia hii nchini.

Wanahistoria wa elimu wamezoea kuuhukumu mpango huo kwa matokeo yake, na wananchi waliuhukumu kwa mzaha: UPE ikafasiriwa kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha huo una ukatili ndani yake, kwa kuwa uliwaangukia vijana na si waliowatuma. Ukitazamwa kwa muundo wake, mpango ulikuwa karibu mno na ule wa khalifa: afundishaye anasoma, na yupo anayemsikiliza. Kilichovunjika ni hicho cha mwisho. Uchumi ulipodhoofika mwishoni mwa miaka ya 1970, karatasi za masomo zikachelewa, betri za redio zikaadimika, na usafiri wa wasimamizi ukawa mgumu. Kijana wa miaka 17 aliyekuwa na darasa zima la watoto alibaki nalo peke yake. Si kwamba alikuwa kijana mno kufundisha, maana khalifa wengi walikuwa wadogo kuliko yeye. Ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumrudishia kosa lake. Hali hiyo ilijirudia miaka ya 2000, ada ya shule za msingi ilipofutwa na shule za sekondari zikaongezwa haraka. Waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa madarasani, nao wakapewa majina ya kejeli, Vodafasta na Yeboyebo.

Kutokana na historia hii, huduma ya ufunzaji rika katika chuo kikuu inapaswa kutazamwa kwa jicho pana kuliko lile la miongozo yake. Kwa kawaida miongozo hiyo hutaka mambo machache: mfunzaji awe amefaulu vizuri somo analolifundisha, apate mafunzo mafupi ya kuuliza badala ya kutoa majibu, asimwandikie mwenzake kazi, aweke kumbukumbu za vikao, na awepo mhadhiri anayepokea taarifa zake. Sharti la mwisho ndilo jepesi kuandikwa na gumu kutimizwa.

Katika vyuo vya Tanzania, sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika nje ya huduma yoyote rasmi, katika vikundi vya majadiliano vinavyokutana usiku chini ya taa za korido ama vimbweta vya nje, wakati ambao wanafunzi wenyewe huuita wa kupiga msuli. Hapo mitihani iliyopita hufunguliwa na kufumbuliwa. Lakini kazi nzito zaidi ni ya lugha. Mwanafunzi aliyesoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akavushwa kwenda Kiingereza katika sekondari, husikia mhadhara kwa lugha moja na kuuelewa kwa lugha nyingine. Mwenzake anayemweleza tena jambo lilelile kwa Kiswahili hamrahisishii tu, anamfasiria. Anafanya alichokifanya sheikh baada ya matini kusomwa, ila yeye hakuandaliwa kukifanya, na ufasiri wake haukaguliwi na mtu. Istilahi ikifasiriwa vibaya kikundini usiku, itatokea vibaya katika karatasi ishirini za mtihani, na msahihishaji atashangaa kwa nini kosa ni moja.

Mkoa wa Tanga unatoa mazingira mawili ambamo jambo hili lina uzito wa pekee. La kwanza ni kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mjini Tanga. Mwanafunzi wa chuo huria husoma mbali na mhadhiri, mara nyingi akiwa mtumishi mwenye kazi na familia, na kwa hiyo mwenzake aliye jirani huwa ndiye sauti ya kwanza anayoisikia juu ya kitabu. Ni muundo wa UPE kwa ngazi ya juu, pamoja na hatari yake ileile. La pili ni milima ya Usambara, ambako Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa kilianza Magamba, Lushoto, mwaka 2007 kikiwa na mkazo wa elimu maalumu. Fani hiyo imejengwa juu ya kukiri kwamba wanafunzi hawasomi kwa njia moja wala kwa mwendo mmoja, jambo ambalo chuo cha Kurani kililijua na ambalo ukumbi wa mihadhara, kwa viti vyake vilivyopangwa safu, hulisahau.

Ndani ya muundo rasmi wa vyuo vikuu nchini ipo nafasi moja tu ambamo kanuni ya khalifa imehifadhiwa, nayo ni ya Mkufunzi Msaidizi. Huyo ni mhitimu wa shahada ya kwanza aliyefaulu kwa kiwango cha juu, anayeongoza semina za wanafunzi waliomfuata nyuma kwa miaka michache tu, na anayetakiwa aendelee hadi shahada ya uzamili ili apande ngazi. Anafundisha kwa sharti la kuendelea kusoma, na yupo wa kumsikiliza. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayefasiri mhadhara kwenye kimbweta saa nne za usiku anafanya sehemu ya kazi hiyohiyo, kwa watu haohao, bila sharti na bila msikilizaji, na asubuhi anaingia katika chumba cha mtihani pamoja nao.