Takwimu za awali kwa sayansi za jamii

Takwimu za awali kwa sayansi za jamii ni somo la vyuoni kwa wanafunzi wa sosholojia, saikolojia, elimu, isimu na fani nyingine zinazochunguza maisha na mwenendo wa watu. Linahusu namna ya kukusanya data, kuzifupisha, na kupima ni kwa kiasi gani jambo lililoonekana kwa watu wachache linaweza kusemwa juu ya watu wengi. Hesabu zake nyingi hazizidi zile za sekondari. Ugumu uko katika kuamua nini kihesabiwe, na katika kusoma jibu bila kulipa uzito lisilokuwa nao.

Mfano unaofaa kulielezea ni Ugweno, eneo la milimani katika Upare ya Kaskazini, wilaya ya Mwanga, mkoa wa Kilimanjaro, lenye vijiji kama Kifula, Msangeni na Shighatini. Wenyeji wake wana Kigweno, lugha iliyo karibu na Kichaga, huku majirani wao wa Usangi na Same wakizungumza Chasu, yaani Kipare. Wanaisimu wameeleza kwamba Kigweno kinaachia nafasi Chasu na Kiswahili. Je, kimebaki na wazungumzaji wangapi? Sensa haijibu swali hilo: ile ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini Tanzania kuuliza kabila, na hata kabila lingeulizwa, Mgweno si lazima awe anazungumza Kigweno. Anayetaka kujua hana budi kufanya utafiti wake.

Kupima

Kazi ya kwanza ni kueleza "mzungumzaji" ni nani. Je, ni anayeelewa salamu, anayeongea na bibi yake, au anayewalea watoto wake kwa lugha hiyo? Kila jibu litaleta idadi tofauti, na hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kurekebisha swali lililoulizwa vibaya.

Mwaka 1946 mwanasaikolojia Mmarekani Stanley Smith Stevens aligawa vipimo katika ngazi nne. Lugha ya nyumbani ni jina tu, haina kubwa wala ndogo. Majibu kama "haelewi, anaelewa, anaongea" yana mpangilio, lakini umbali kati yake haujulikani. Halijoto kwa nyuzi za Selsiasi ina hatua zinazolingana bila sifuri ya kweli, na umri wa mtu una vyote viwili. Ngazi ndiyo inayoamua hesabu inayoruhusiwa: wastani wa umri una maana, wastani wa lugha hauna.

Sampuli

Kwa kuwa si rahisi kumhoji kila mtu, huchaguliwa sampuli. Mtafiti anayesimama gulioni na kuhoji wapitao atapata wanaokwenda gulioni, si watu wa Ugweno. Sampuli ya nasibu humpa kila mlengwa nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, kwa mfano kwa kupiga kura katika orodha ya kaya za kijiji. Kama vijiji vinatofautiana sana, kura hupigwa ndani ya kila kijiji.

Wakati nao una athari. Wengi waliohamia Dar es Salaam, Arusha na Moshi hurudi nyumbani mwezi Desemba, hivyo utafiti wa Krismasi na ule wa Agosti huwakuta watu tofauti. Sensa hulikwepa tatizo hili kwa kuwahesabu watu pale walipolala usiku mmoja. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti.

Ukubwa wa sampuli hupunguza kosa la bahati tu. Kwa sampuli ya nasibu ya watu 400, asilimia iliyopatikana inaweza kupishana na ile ya kweli kwa takribani 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Ili kosa hilo lipungue kwa nusu, wanahitajika watu 1,600. Sampuli yenye upendeleo haiponi hata ikiwa na watu maelfu.

Kufupisha

Tuseme kaya saba zina mapato ya mwezi ya shilingi elfu 80, 90, 100, 100, 110, 120 na 800, ile ya mwisho ikitumiwa fedha na mtoto aliye mjini. Wastani ni elfu 200, kiasi ambacho hakuna kaya hata moja inayokipata. Mediani, yaani thamani ya katikati baada ya kuzipanga, ni elfu 100. Ndiyo maana mapato huripotiwa mara nyingi kwa mediani. Mtawanyiko wa data hupimwa kwa mkengeuko sanifu, ambao nao huvutwa sana na thamani moja iliyo mbali.

Kupima dhana tete

Tuseme tena, kwa tarakimu za kubuni, kwamba kati ya watu 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 40, 60 hutumia Kigweno nyumbani, na kati ya vijana 100 ni 30. Dhana tete ya kuanzia husema umri hauhusiani na lugha. Kama ni hivyo, kila kundi lingetarajiwa kuwa na watu 45. Kipimo cha khi-mraba, kilichotolewa na Karl Pearson mwaka 1900, hujumlisha tofauti kati ya kilichoonekana na kilichotarajiwa. Hapa kinafika takribani 18.2, wakati kikomo cha kawaida cha asilimia 5 ni 3.84. Dhana tete inakataliwa.

Wanaoanza huteleza hapa. Matokeo hayo hayasemi kwamba dhana tete ina uwezekano wa asilimia 5 kuwa kweli. Yanasema tofauti kubwa kiasi hicho ingetokea kwa nadra sana kama dhana hiyo ingekuwa kweli. Wala hayathibitishi kwamba Kigweno kinakufa. Huenda vijana hukirudia wakishazeeka na kurudi nyumbani. Ili kutenganisha mabadiliko ya umri na mabadiliko ya kizazi, inabidi kurudia utafiti baada ya miaka kadhaa.

Tahadhari hiyohiyo inahusu sensa. Kati ya 2012 na 2022 wakazi wa wilaya ya Mwanga waliongezeka kutoka 131,442 hadi 148,763, sawa na asilimia 13, wakati Tanzania nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Kuhama ni maelezo yanayokuja haraka akilini, lakini tarakimu hizo peke yake hazitofautishi kuhama na uzazi mdogo.

Mafunzo

Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965 kuwaandaa watakwimu wa nchi za kanda hii. Wanafunzi wa sayansi za jamii husoma somo hili katika vyuo vyao. Programu zinazotumika sana ni SPSS, iliyotoka mwaka 1968, na R, ambayo haiuzwi.

Somo hufundishwa kwa Kiingereza, na istilahi za Kiswahili hazijatulia: wengine huandika "kati" badala ya mediani. Hojaji nayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kisha mzee wa Msangeni huulizwa kwa Kiswahili, na pengine mjukuu wake humtafsiria kwa Kigweno. Njia ya kawaida ya kupunguza makosa ni kumpa mtu mwingine tafsiri hiyo airudishe katika Kiingereza, kulinganisha matini mbili, na kuijaribu hojaji kwa watu wachache kabla ya utafiti wenyewe kuanza.