HISTORIA YA PANTONI LETU: LILIVYOACHA DAGAA LIKABEBA WAGONJWA



Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi tangu tulipoanza mwaka 2015. Katibu ameandika habari za hisa na mikopo. Mimi nimepewa kazi ya kueleza historia ya pantoni letu, maana watoto wanaliona linavusha wagonjwa wakidhani lilianza hivyo. Halikuanza hivyo, na sisi wenyewe hatukufanya vizuri tangu mwanzo.

Sisi ni watu wa visiwani. Wilaya yetu ya Ukerewe ina visiwa 38, vikubwa kwa vidogo. Huku bila chombo huendi sokoni, huendi hospitali, wala huendi kuzika. Pantoni kubwa kila mtu analijua, lile la Rugezi na Kisorya linalobeba magari. La kwetu ni dogo tu: jukwaa la mbao juu ya mapipa 12 ya lita 200, sita kila upande, na injini ndogo nyuma.

Tulilinunua mwaka 2017 kwa fundi aliyekuwa akilitumia kujengea gati. Lilikuwa limeshatumika sana, lakini bei ilikuwa ya kwetu. Wenye funguo tatu za sanduku walikaa pamoja, tukahesabu fedha mbele ya wote. Kazi yake ikawa kubeba dagaa, mahindi na kuni. Lilitulipa, kwa sababu hatukumpa tena mwenye mtumbwi nauli ya kila gunia.

Mwaka uliofuata ukaja msiba. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara ikitoka Bugolora, siku ya gulio. Kivuko kile kilikuwa cha watu 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Tangu MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, iliyochukua watu zaidi ya 800, ziwa letu halikuwa limeona kilio cha namna hiyo. Watu wa nchi nzima walichanga rambirambi, na sehemu ya michango ile ikajenga Kituo cha Afya Bwisya huko Ukara. Hapo akina mama tulijifunza kwamba mchango ukisimamiwa vizuri, hata wa msibani, unazaa uhai.

Mwaka 2021 tulipata boti ya mbao yenye nguvu zaidi, basi pantoni likabaki halina kazi. Mkutano ulikuwa mkali. Wengine walisema liuzwe, mapipa na mbao, tugawane. Jamani, walikuwa na haki, lilikuwa jasho lao. Ndipo mwenzetu mmoja akasimama. Binti yake alishikwa na uchungu usiku, wakangoja mtumbwi mpaka alfajiri, na mtoto hakupatikana. Hakusema maneno mengi. Alisema tu, "Ningekuwa na hata lile bovu, ningevuka." Tukapiga kura, tukakubaliana tulitoe sadaka kwa zahanati ya misheni iliyo ng'ambo ya ghuba yetu.

Tulilipeleka kwa ngoma na vigelegele. Kumbe tulipeleka taabu. Mapipa mawili ya upande mmoja yalikuwa yametoboka kwa kutu, injini ilikuwa haiwaki, na hatukuacha petroli wala nahodha. Lilikaa mchangani miezi sita, mbuzi wakilala juu yake. Wenye zahanati waliona haya kutuambia, nasi tuliona haya kuuliza.

Baadaye fundi alitueleza. Pipa lililofungwa vizuri linaelea kwa hewa iliyomo. La lita 200, likizamishwa lote, linaweza kubeba kama kilo 180 ukiondoa uzito wake lenyewe. Likitoboka na kujaa maji halibebi kitu, na chombo kinalala upande huo. Kwa hiyo hupakii mpaka mapipa yazame. Unaacha sehemu kubwa iwe juu ya maji, kwa ajili ya mawimbi na kwa ajili ya pipa litakalokusaliti. Tukatetemeka. Tungempakia mama mjamzito juu ya mapipa yale, tungemwua kwa sadaka yetu.

Mwaka 2022 tukaanza upya. Mfuko wa jamii ukanunua mapipa mawili na majaketi ya kujiokolea. Injini ikatengenezwa. Tuliita wakaguzi wa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini tangu mwaka 2018. Kijana mmoja wa zahanati akafundishwa unahodha. Tukaandika hati ya makabidhiano yenye sahihi za pande zote mbili: chombo ni mali ya zahanati, hakibebi zaidi ya watu sita, hakitoki nje ya ghuba, na hakivuki ziwa likichafuka. Sisi tunachangia petroli kila mwezi kutoka mfuko wa jamii, fedha kidogo kwa kila mama.

Tangu hapo limevusha wajawazito, watoto wenye malaria na wazee. Yule mwenzetu aliyesimama mkutanoni, binti yake alivuka nalo mwaka 2023. Mjukuu yupo, anakimbia, mnamwona kwenye sherehe hii.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi naongeza kwamba moyo peke yake hautoshi. Kumpa mwenzio kitu kibovu ni kumhamishia mzigo wako. Ukitoa chombo kilichotumika, kikague kwanza, toa na karatasi zake, halafu rudi baada ya mwezi uulize kinaendeleaje.

Wanachama wapya, mkiona mchango wa petroli kwenye daftari msinung'unike. Hiyo ndiyo sadaka yenyewe, tunaitoa kila mwezi.

Umoja ni nguvu.

Mwenyekiti wenu