Msanii Katika Safu za Takwimu: Historia ya Kupima Ajira na Mapato ya Sekta ya Utamaduni Tanzania, 1962–2022

1. Utangulizi

Mwaka 2012 Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) lilichapisha utafiti kuhusu mchango wa shughuli zinazotegemea hakimiliki katika uchumi wa Tanzania. Utafiti huo ulizipa shughuli hizo asilimia 4.56 ya pato la taifa na asilimia 5.63 ya ajira. Miaka saba baadaye, Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ilitoa mfululizo mpya wa pato la taifa unaotumia 2015 kuwa mwaka wa kizio. Katika mfululizo huo, sanaa na burudani zilionekana kuwa na takribani asilimia 0.3 tu ya pato hilo. Kati ya kipimo cha kwanza na cha pili kuna tofauti ya takribani mara 15.

Takwimu zote mbili zimetumika kuzungumzia watu walewale: wanamuziki, wachongaji, waigizaji, wachoraji na watengenezaji wa filamu. Anayetaka kuonesha kwamba sanaa ni nguzo ya uchumi huchukua ile ya kwanza. Anayetaka kueleza kwa nini fungu la utamaduni katika bajeti ni dogo hupata kinga katika ile ya pili. Makala haya yanahoji pengo hilo kwa njia ya historia. Hoja inayojengwa ni kwamba pengo halikutokana na kosa la kujumlisha. Kila kipimo kilichotumika tangu uhuru kilibuniwa kwa ajili ya kazi nyingine, yaani kulipa mishahara, kulinda haki au kukokotoa pato la taifa, na hakuna hata kimoja kilichoanza kwa kumwuliza msanii riziki yake inatoka wapi.

2. Msanii wa mshahara, 1962 hadi miaka ya 1980

Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 kama Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kutokana na hatua hiyo, utamaduni ulipata ofisi, watumishi na kasma katika bajeti. Mwaka uliofuata kiliundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa. Katika kipindi hiki swali la ajira ya msanii lilikuwa na jibu jepesi: msanii aliyeajiriwa alikuwa mtumishi, na jina lake lilikuwa katika orodha ya mishahara.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa bendi za muziki wa dansi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA, na ilibadili jina kadiri chama chenyewe kilivyobadilika, ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz. Jeshi la Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo yalikuwa na bendi zao. Orkesta ya Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC). Ala zilikuwa mali ya taasisi, na mpiga gitaa alipokea mshahara kama karani au dereva wa taasisi hiyohiyo.

Hata hivyo, kulipwa mshahara hakukumfanya mwanamuziki aonekane katika takwimu kama mwanamuziki. Kanuni ya uainishaji wa shughuli za kiuchumi, tangu wakati huo hadi leo, humweka mfanyakazi katika kundi la shughuli kuu ya mwajiri wake. Mpiga tarumbeta wa chama cha wafanyakazi huhesabiwa pamoja na vyama vya wafanyakazi. Mwenzake wa polisi huhesabiwa katika utawala wa umma. Aidha, toleo la 2 la Uainishaji wa Kimataifa wa Shughuli za Kiuchumi, la mwaka 1968, liliziweka huduma za burudani na utamaduni ndani ya kundi pana la huduma za jamii na huduma binafsi, pamoja na ualimu, tiba na utawala. Takwimu zilipochapishwa kwa makundi makuu pekee, sanaa ilimezwa. Kwa hiyo kipindi ambacho dola ilimjua msanii kwa jina na kwa kiwango cha mshahara hakikuacha nyuma mfululizo wowote wa takwimu za sanaa ambao vipindi vilivyofuata vingeweza kulinganishwa nao.

3. Orodha ya mishahara inapokatika

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalipunguza uwezo wa mashirika ya umma kulea bendi na vikundi. Sheria ya mwaka 1984 iliunda Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), ambalo lilichukua pia majukumu ya Baraza la Muziki la Taifa (BAMUTA) lililoanzishwa mwaka 1974. Baraza jipya lilisajili na kutoa vibali kwa wasanii na vikundi. Usajili huo ulikuwa chombo cha usimamizi. Haukukusudiwa kuwa sensa. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuwa kimekufa, na kilicho hai kinaweza kuwa hakijawahi kusajiliwa.

Redio na televisheni za watu binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, kizazi kipya cha wanamuziki kilijitokeza nje kabisa ya ajira ya mshahara. Kipato chao kilitokana na viingilio vya ukumbini, mauzo ya kanda, malipo ya kutumbuiza harusini na, baadaye, miito ya simu. Katika filamu, jambo la kawaida lilikuwa mtayarishaji kumwuzia msambazaji haki zote kwa malipo ya mara moja. Fedha hizo zilikuwa halisi, lakini nyingi hazikupita katika hati ya mshahara ambayo mtakwimu angeweza kuikagua.

Kipimo pekee ambacho kingeweza kuwafikia watu hawa kilikuwa Utafiti wa Nguvukazi, unaofanyika katika kaya. Utafiti huo ulifanyika mwaka 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Lakini utafiti wa aina hii huuliza kuhusu siku saba zilizotangulia, na hujenga majedwali yake makuu juu ya shughuli kuu ya mhojiwa. Manju wa ngoma wa Usukumani akihojiwa wakati wa palizi, ni mkulima. Mwimbaji wa taarabu anayeuza vitenge mchana, ni mfanyabiashara. Majibu yote mawili ni ya kweli. Hata hivyo, yakijumlishwa kwa nchi nzima, sehemu kubwa ya kazi ya sanaa hutoweka, kwa kuwa Tanzania sanaa mara nyingi ni kazi ya pili au ya msimu.

4. Kipimo kilichotokana na hakimiliki

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, ikaweka msingi wa Chama cha Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Kwa mara ya kwanza kulikuwa na chombo ambacho kazi yake ilikuwa kufuatilia fedha zinazotokana na kazi ya sanaa. Hapo ndipo msingi wa utafiti wa 2012 ulipo.

Mbinu ya WIPO, iliyowekwa katika mwongozo wa mwaka 2003, hugawa shughuli katika makundi manne. Kundi la kwanza ni la msingi: muziki, vitabu, magazeti, filamu, utangazaji, programu za kompyuta na matangazo ya biashara. La pili ni la shughuli tegemezi, kama vile utengenezaji na uuzaji wa redio, televisheni, kompyuta na karatasi. La tatu huchukua sehemu tu ya shughuli kama samani, nguo na usanifu majengo. La nne ni sehemu ya biashara na uchukuzi unaosaidia bidhaa hizo kumfikia mtumiaji. Kwa hiyo asilimia 4.56 si pato la wasanii. Ndani yake mna duka la kompyuta na sehemu ya nauli ya lori. Kenya, iliyopimwa kwa mbinu hiyohiyo kwa takwimu za mwaka 2007, ilipata takribani asilimia 5.3 ya pato la taifa na asilimia 3.26 ya ajira. Nayo isomwe kwa tahadhari hiyohiyo.

Tarakimu ya ajira inahitaji uangalifu zaidi. Utafiti wa Nguvukazi wa mwaka 2006 ulikuta watu zaidi ya milioni 16 wakiwa na kazi Tanzania Bara. Asilimia 5.63 ya idadi hiyo ingekuwa watu wapatao 900,000. Utafiti wa hakimiliki wenyewe ulihesabu waajiriwa makumi ya maelfu tu. Asilimia hiyo inaeleweka pale tu inapowekwa juu ya ajira rasmi, yaani sehemu ndogo ya nguvukazi yote. Tarakimu ikishanukuliwa bila kigawanyo chake, msomaji huamini kwamba kati ya kila Watanzania ishirini wanaofanya kazi, mmoja anaishi kwa ubunifu. Kinyume chake, wanamuziki wasio na mwajiri, ambao ndio wengi, hawamo katika kiasi wala katika kigawanyo.

5. Kipimo kilichotokana na pato la taifa

Mfululizo wa NBS wenye kizio cha 2015 unafuata toleo la 4 la uainishaji wa kimataifa, ambalo lina kundi linalojitegemea la sanaa na burudani. Kuwa na safu yake yenyewe kulikuwa hatua kubwa: sanaa iliacha kumezwa na ualimu na utawala. Ukuaji ulioripotiwa ulivutia macho pia. Mwaka 2018 kundi hilo lilikua kwa asilimia 13.7, mwaka 2020 lilishuka kwa asilimia 4.4, mwaka 2021 likapanda kwa asilimia 19.4.

Hata hivyo, mipaka ya kundi hilo haifanani na mipaka ya utamaduni. Lina sehemu nne: shughuli za ubunifu na sanaa, maktaba, makumbusho na hifadhi za nyaraka, michezo ya kubahatisha, na michezo pamoja na burudani nyingine. Filamu, uchapishaji na utangazaji viko katika habari na mawasiliano. Upigaji picha umo katika huduma za kitaalamu. Mchongaji wa vinyago vya Kimakonde wa Mwenge anahesabiwa katika uzalishaji wa bidhaa za mbao, viwandani. Wakati huohuo, kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira imo ndani ya sanaa na burudani. Kwa kuwa tarakimu zinazotangazwa ni za kundi zima, hazimwezeshi mtafiti kujua kama ukuaji wa asilimia 13.7 ulitoka jukwaani au katika vibanda vya kubashiri. Kasi inayosifiwa kuwa ya wasanii inaweza kuwa ya wengine.

Kuna mpaka mwingine wa kikatiba na kitakwimu. Pato linalokokotolewa na NBS ni la Tanzania Bara; Zanzibar ina mamlaka yake ya takwimu na hesabu zake. Taarabu, ambayo klabu yake kongwe ya Ikhwan Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, ina wasanii na hadhira pande zote mbili za bahari. Mwimbaji anayevuka kwenda kutumbuiza Dar es Salaam anaishi katika sekta moja, lakini anapimwa na vitabu viwili, au hapimwi na chochote. Fedha anazotuzwa na wapenzi wake wakati akiimba hazina stakabadhi, ingawa kwa baadhi ya waimbaji ni sehemu muhimu ya kipato cha usiku mmoja.

6. Gharama ya kutohesabiwa

Suala hili lingekuwa la wataalamu wa takwimu pekee kama lisingegusa maisha ya watu. Machi 2020 Serikali ilisitisha mikusanyiko, yakiwemo matamasha ya muziki, ili kudhibiti ugonjwa wa UVIKO-19. Takwimu za pato la taifa zilionesha baadaye kwamba sanaa na burudani zilishuka. Hazikuweza kuonesha ni nani aliyepoteza kipato, kiasi gani na kwa muda gani, kwa sababu hapakuwa na mfululizo wa ajira za wasanii wa kulinganisha nao. Hifadhi ya jamii nayo imejengwa juu ya mchango wa mwajiri na mwajiriwa. Asiye na mwajiri hubaki pembeni, na idadi ya walio pembeni haijulikani.

Hatua za kufuatilia fedha zilichukuliwa kwa vipande. Mwaka 2013 stempu za kodi ziliwekwa kwenye bidhaa za filamu na muziki. Stempu hizo zingeweza kuwa chanzo kizuri cha takwimu za nakala zilizouzwa, lakini zilikuja wakati wasikilizaji wakihama kutoka katika santuri kwenda katika simu. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 312. Mgao huo ni kumbukumbu adimu ya fedha zilizomfikia msanii mwenyewe. Lakini unawahusu wenye kazi zilizosajiliwa na kutumika. Haumgusi mcheza ngoma, fundi wa sauti wala mshona mavazi ya jukwaani.

7. Hitimisho

Kwa miaka 60 msanii wa Tanzania amehesabiwa kama mtumishi, kama mwenye haki na kama sehemu ya kundi la huduma. Kila safari kipimo kiliakisi uhusiano wa dola na sanaa katika kipindi chake: ulezi, ulinzi wa miliki, kisha matarajio ya ukuaji na kodi. Asilimia 4.56 na asilimia 0.3 hazipingani, ni majibu ya maswali mawili tofauti, na kuzishindanisha ni kupotosha yote mawili.

Historia hii inaonesha pia kwamba mapungufu makuu yanaweza kurekebishwa kwa vyombo vilivyopo. Kuchapisha sehemu nne za kundi la sanaa na burudani kila moja peke yake kungetenganisha jukwaa na ubashiri. Kuchapisha majedwali ya kazi ya pili kutoka katika tafiti za nguvukazi kungemrudisha manju katika hesabu bila kumwondoa mkulima. Kuoanisha uainishaji wa kazi wa Bara na wa Zanzibar kungewezesha taarabu kusomwa kama sekta moja. Kabla ya hapo, sera yoyote ya mikopo, bima au pensheni kwa wasanii itatungwa kwa ajili ya watu ambao dola haijui idadi yao.