Kadi ya bure iliyouzwa dola milioni 780

Leo tuweke kando mambo ya seva na programu mpya, tuzungumze juu ya kadi za salamu. Najua kuna atakayeuliza: mtunga programu wa Gakindu na kadi wapi na wapi? Subiri kidogo. Kuna kampuni moja ya kadi ambayo historia yake kila anayejenga tovuti anafaa kuijua.

Huku kwetu Mukurwe-ini, kadi tunayoijua kuliko zote si ya Krismasi wala ya wapendanao. Ni ile ya kumtakia heri mtahiniwa. Msimu wa KCSE ukikaribia, utaziona zimepangwa mjini Nyeri, nyingine kubwa kama daftari, nyingine ukizifungua zinapiga muziki. Shangazi ananunua moja, anaandika maneno mawili matatu kwa kalamu, kisha anatafuta mtu anayeelekea shuleni amfikishie mtoto. Kazi yote hiyo kwa kipande cha karatasi! Shikilia hapo, tutarudi kwenye hiyo kazi.

Sasa twende Marekani, jimbo la Colorado, mji wa Boulder. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mke na mume, Susan Polis Schutz na Stephen Schutz, walianza biashara waliyoiita Blue Mountain Arts. Susan alikuwa mshairi. Stephen alikuwa na shahada ya uzamivu ya fizikia, lakini mkono wake ulipenda kuchora. Mke anatunga, mume anachora, kisha wanazunguka nchi kwa gari lao dogo wakiuza mabango. Kutoka mabango wakaingia kwenye kadi zenye mashairi marefu na rangi nyororo.

Kadi hizo zilipendwa mpaka wakubwa wakaziona. Mwaka 1986, Hallmark, jitu la biashara ya kadi lililoanzishwa na Joyce Hall mjini Kansas City mwaka 1910, lilitoa kadi zake zilizofanana mno na za akina Schutz. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1988 mahakama ya rufani iliunga mkono amri ya kuizuia Hallmark kuuza kadi hizo. Kampuni ya familia moja ilikuwa imelishinda jitu.

Hapo ndipo intaneti inaingia. Mwaka 1996 familia hiyo, pamoja na mtoto wao Jared Polis aliyemaliza chuo kikuu mwaka huo huo, ilifungua bluemountain.com. Huyu Jared ndiye aliyechaguliwa kuwa gavana wa Colorado mwaka 2018. Si wao waliobuni kadi ya mtandaoni: mwaka 1994, Judith Donath wa MIT alikuwa ameshaanzisha huduma ya namna hiyo. Lakini akina Schutz walikuwa na kadi zenyewe, na walizitoa bure.

Tuangalie mtambo wake ulivyofanya kazi, maana ni rahisi na ni wa werevu. Siku hizo watu walitumia modemu, na picha moja nzito ingeziba barua pepe ya mtu. Kwa hiyo kadi haikutumwa kabisa! Ilibaki kwenye seva. Unachagua picha, unaandika ujumbe, seva inaviweka kwenye hifadhidata na kuvipa namba. Mwenzako anapokea barua pepe fupi yenye kiungo chenye namba hiyo. Akibofya, kadi inafunguka. Na akishaisoma, hapo hapo ukurasani anakaribishwa kutuma ya kwake. Kila mpokeaji ni mtumaji wa kesho. Tovuti ilijitangaza yenyewe, na kufikia Krismasi ya 1998 ilikuwa miongoni mwa zilizotembelewa zaidi Marekani.

Krismasi hiyo hiyo mambo yakaharibika. Microsoft ilikuwa imetoa toleo la majaribio la programu yake ya barua pepe, Outlook Express, likiwa na kichujio cha barua taka. Kichujio kikaanza kuzitupa kadi za Blue Mountain kwenye taka. Wakati huo Microsoft nayo ilikuwa na huduma yake ya kadi, na Blue Mountain ikadai hilo halikuwa jambo la bahati mbaya. Microsoft ilikana: kichujio, ilisema, ni kichujio tu. Mwezi Desemba 1998 mahakama ya California ikatoa amri ya muda dhidi ya Microsoft.

Mimi kama mtunga programu naona pande zote mbili. Kichujio hakijui upendo. Kinahesabu dalili: barua nyingi zinazofanana, kutoka anwani moja, zenye kiungo. Salamu za bibi na tangazo la tapeli vinavaa nguo moja. Lakini ona hatari yake: sheria iliyoandikwa na mtu mmoja ofisini iliamua salamu za mamilioni zifike au zisifike. Ukijenga nyumba yako kando ya barabara ya mwenzako, siku akiweka kizuizi umekwisha.

Basi, Oktoba 1999, enzi za wazimu wa hisa za intaneti, kampuni ya Excite@Home ikanunua tovuti hiyo kwa takriban dola milioni 780: milioni 350 pesa taslimu, zilizobaki hisa. Hebu fikiria. Tovuti iliyokuwa ikigawa kadi bure! Excite@Home haikununua mashairi wala michoro. Ilinunua macho ya watu, ikitumaini kuyauzia matangazo. Biashara ya karatasi haikuguswa. Ilibaki mikononi mwa familia.

Mwaka 2000 soko la hisa za teknolojia likaporomoka. Septemba 2001, Excite@Home ikielekea kufilisika, iliiuza tovuti ile kwa American Greetings, kampuni kongwe ya kadi iliyoanzishwa na mhamiaji Jacob Sapirstein mjini Cleveland mwaka 1906. Bei? Dola milioni 35. Yaani katika kila dola moja iliyotolewa, zilirudi senti nne na nusu. Haikupita hata miaka miwili.

Kadi za mtandaoni zenyewe zilizidi kupoteza heshima. Mwaka 2007 wahalifu waliosambaza programu hasidi iliyoitwa Storm walituma barua zinazosema "rafiki amekutumia kadi". Ukibofya, tarakilishi yako inakuwa mtumwa wao. Watu wakajifunza kuiogopa kadi.

Je, ni teknolojia iliyoshindwa? Sidhani. Mtambo ule ulikuwa mzuri, na mawazo yake yapo hadi leo kila unapotumiwa kiungo. Kilichokosewa ni hesabu. Wanunuzi walihesabu kadi ngapi zimetumwa, wakasahau kuuliza kila moja ilimgharimu mtumaji nini. Ikigharimu kubofya mara tatu, nayo hupokelewa kwa uzito wa mibofyo mitatu. Ndiyo maana siku za sikukuu simu zetu hujaa picha za maua zilizosambazwa kwa vikundi kumi, nasi tunazifuta ili kupata nafasi.

Sasa turudi kwa shangazi. Mtahiniwa hapimi karatasi wala wino. Anajua kuna mtu aliyefunga safari, akatoa pesa, akakaa chini akaandika jina lake, akamsihi mtu mwingine ambebee. Kwangu mimi, huo usumbufu ndio kadi yenyewe. Sisi watunga programu kazi yetu ni kuondoa usumbufu, na mara nyingi tunafanya vyema. Lakini kabla hujauondoa, uliza kwanza kama si wenyewe uliokuwa unauzwa.