Mama wa Aladini na Msimulizi wa Halabi

Sinema ya Aladini iliyotolewa na Disney mwaka 1992, pamoja na ile ya mwaka 2019 ambamo Will Smith aliigiza jini, zimewafikia watu wengi mno, hata leo ukilitaja jina hilo mbele ya kijana yeyote, atakuhadithia habari za mji wa Agrabah ulio jangwani, mwizi wa mikate asiye baba wala mama, tumbili wake Abu, busati lirukalo, waziri mwovu Jafar, na jini mcheshi akubaliaye maombi matatu wala hazidishi. Katika hayo yote hakuna hata moja lililomo katika hekaya aliyoichapisha Antoine Galland, Mfaransa, mwaka 1712. Humo Aladini ni mwana wa mshoni maskini wa nchi ya China, mtoto mvivu aliyefiwa na baba akabaki na mama. Adui yake ni mchawi wa Maghribi aliyejidai kuwa ami yake. Na majini ni wawili, mmoja wa pete na mmoja wa taa, nao humtumikia aliyeshika chombo pasipo hesabu ya maombi.

Ukiuliza mageuzi hayo yalitoka wapi, jawabu ni kwamba sinema huzaliwa na sinema zaidi kuliko kuzaliwa na kitabu. Busati ni la hekaya nyingine, ya mwana wa mfalme aitwaye Ahmed, nalo lilikwisha kuruka katika The Thief of Bagdad ya Douglas Fairbanks mwaka 1924. Na katika sinema ya jina lilo hilo iliyotoka mwaka 1940, Conrad Veidt aliigiza waziri mchawi Jaffar, na Sabu, kijana wa Kihindi, akaigiza mwizi mdogo Abu. Maskini Jafar wa tarikhi, wa ukoo wa Barmaki, alikuwa waziri na swahiba wa Harun al-Rashid, akauawa kwa amri ya khalifa huyo huyo mwaka 803. Uchawi ni tuhuma aliyobandikwa na watu wa sinema baada ya karne kumi na moja.

Mimi nayasamehe hayo yote kwa wepesi, kwa kuwa hekaya ni mali ya msimulizi, ila kuondolewa kwa mama kwanikera. Katika kitabu yeye ndiye mwenye ushujaa. Mwanawe apendapo binti wa sultani, bibi huyu, mjane wa mshoni asiyejua adabu za ikulu, hupanga ndani ya bakuli la kauri zile johari ambazo kijana alizichuma katika bustani ya chini ya ardhi akizidhani vigae vya rangi, akazifunga kwa kitambaa, akaenda kusimama mbele ya sultani barazani. Baraza huvunjwa, hurudi nyumbani na furushi lake. Kesho huenda tena, asiseme neno, mpaka sultani mwenyewe amtambue na kumuuliza waziri wake, mwanamke huyu ajaye kila baraza ana haja gani? Hapana jini amsaidiaye saa hiyo. Watengenezaji wa sinema ya 1992 walikuwa na mama katika mpango wao wa kwanza, hata wimbo wa kijana kumwahidi mamaye ulikwisha tungwa, kisha vyote viwili vikakatwa.

Walakini asemaye kwamba sinema imeiharibu asili, na atafute kwanza hiyo asili. Galland alipokuwa akifasiri Alfu Lela Ulela kutoka nakala ya Kiarabu iliyotoka Sham, hekaya za nakala ile zilimwishia. Ndipo mwaka 1709, mjini Paris, alipokutana na Hanna Diyab, Mkristo wa Kimaroni kutoka Halabi aliyefika Ulaya pamoja na msafiri Paul Lucas. Mwezi wa Mei Hanna alimsimulia habari za taa, na Galland akalitaja jambo hilo katika shajara yake, lakini katika kitabu hakumtaja. Kijana huyo alirudi kwao, akawa mfanyabiashara wa nguo, na katika uzee wake akaandika kumbukumbu za safari, ambazo nakala yake imehifadhiwa katika maktaba ya Vatikano. Amesema humo kwamba mzee mmoja alipungukiwa na hekaya, naye akampa alizozijua. Amesimulia pia ajabu za Versailles, jumba alilolitazama kwa macho yake, nami siwezi kusoma habari za kasri la Aladini lililosimama kwa usiku mmoja bila ya kuwaza kwamba huenda fahari ile ilimkaa moyoni.

Wataalamu wa karne ya kumi na tisa hawakuridhika na asili ya namna hiyo, wakasaka maandishi ya Kiarabu, na mwaka 1888 Hermann Zotenberg akachapisha Aladini kutoka nakala iliyopatikana Paris, iliyodaiwa kunakiliwa kutoka kitabu cha Baghdad cha mwaka 1703. Ulimwengu wa elimu ulifurahi. Takriban miaka mia ilipita kabla mtaalamu Muhsin Mahdi hajabainisha kwamba Baghdad haikuhusika kamwe, na kwamba mwandishi wa nakala ile, Mikhail Sabbagh, alikuwa ameketi Paris akikifasiri kwa Kiarabu Kifaransa cha Galland.